Mkono Juu ya Gia

Mume wangu alikuwa akitembea na gololi moja ya chuma katika mfuko wa shati lake la kazi. Niliijua kwa kuwa mimi ndiye niliyelifua shati hilo. Kila nilipoikuta niliiweka dirishani, na kulipokucha haikuwapo. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya hindi, lakini ilimlemea mtu mzima hata akaacha kusimama wima.

Miaka miwili kabla ya msiba wetu, aliifungua giaboksi ya gari la mwanetu, gari kuukuu la kupanda milima na kuvuka mito, akaitengeneza, akaifunga. Alipokuwa akifuta meza aliikuta gololi hiyo. Akajiambia kwamba ni ile ya zamani, maana alikuwa ametia mpya, akaendelea na kazi nyingine. Kisha siku moja mwanetu akawa anateremka mlima na shehena ya mbao, na gia ya tatu ikachomoka yenyewe. Mpakizi aliyekuwa kando yake ndiye aliyetusimulia. Gari likabaki kwa breki peke yake, breki zikachemka, nazo zikagoma. Mwanetu akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo ili lisiingie bondeni. Gari lilisimama. Mpakizi alishuka kwa miguu yake. Mwanetu hakushuka.

Tangu hapo gari lilikaa nyuma ya karakana chini ya turubai, na mume wangu, ambaye watu walimfuata kutoka mbali kwa ajili ya giaboksi, hakugusa tena giaboksi ya mtu yeyote. Nilimwuliza mara moja tu.

"Mama," alinijibu, "kama gololi hii ilitakiwa iwe ndani, basi nimemzika mtoto kwa mikono yangu. Niache nisijue."

Nilimwacha mwaka mzima. Aliyekataa kumwacha ni mkwe wetu, mjane wa mwanetu. Alikuja asubuhi, akaketi juu ya tairi bovu, akasema pasipo kupandisha sauti, "Baba, lifungue. Jibu siliogopi. Naogopa turubai lile."

"Na jibu likiwa baya, mwanangu?"

"Baya lina mwisho wake."

Mchomeleaji wa karakana ya jirani, tunayemwita Cheche, alikuwa amekwisha kuinyoosha pua ya gari bila kuombwa na mtu. "Injini inanguruma, Mzee," alisema. "Nilidhani imekufa, kumbe ilinuna tu, kama mama watoto wangu." Hakuna aliyecheka, lakini mume wangu aliinuka.

Alitaka kwanza kuisikia giaboksi ikiwa garini. Nikapanda kando yake. Tulipanda kilima kilicho nyuma ya soko, tukageuza, tukateremka kwa gia ya tatu. Alipoondoa mguu kwenye mafuta, rungu la gia lilitetemeka, kisha likaruka nyuma kama mkono uliogusa sufuria ya moto. Injini ikanyamaza, gari likaanza kukimbia. Akashika breki. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Ile ya tatu hakuwa na haja nayo. Nadhani alitaka kukaa kidogo mahali alipokaa mtoto.

Waliiteremsha giaboksi siku iliyofuata, yeye na Cheche, kwa jeki na kamba. Oili aliichuja kwa kitambaa cheupe, na katika kitambaa zikabaki chembe za shaba, ziking'aa kama unga wa dhahabu. "Hizi ni ringi zinazoipokea gia," alisema. "Zimesagika. Lakini ringi haziwezi kuchomoa gia peke yake."

Ikabaki kukifungua kifuniko cha juu. Chini yake hukaa vyuma vitatu virefu vinavyosukumwa na rungu la gia, na kila kimoja hushikwa na springi na gololi ili gia isitoroke. Mkwe wetu alisogea. Cheche akazima mashine yake. Mume wangu alifungua bolti ya kwanza, akatoa springi, akainamisha, gololi ikaanguka kiganjani. Ya pili ikaanguka. Kwenye ya tatu alirudi nyuma, akanipa mimi sumaku. Nikaitumbukiza tunduni na kuivuta.

Ilitoka na gololi.

"Hesabu, Mama," aliniambia.

"Tatu."

"Hesabu tena."

"Ni tatu, baba watoto. Hazitazaana."

Akaketi chini, palepale penye oili. Mkwe wetu alijifunika uso kwa viganja. Nami nilidhani kwamba mambo yetu yamekwisha, na kwamba mume wangu ataanza kulala.

Lakini fundi ni fundi. Jibu moja halikumtosha, kwa sababu gia ilikuwa imechomoka na kitu kiliichomoa. Alitoa uma, kile chuma chenye vidole viwili kinachoikumbatia gia na kuisukuma mahali pake. Kidole kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimelika upande mmoja, kimekuwa chembamba na laini kama ncha ya mwiko wa zamani. Meno ya gia ya tatu nayo yalikuwa yamekuwa butu. Akanipa kitabu cha gari nimsomee kipimo, akatia kibati cha kupimia nafasi kati ya uma na gia, kisha akatia viwili pamoja. Vyote vikapita bila kugusa.

"Hili ni la mkono," alisema.

"Mkono gani?" mkwe wetu aliuliza.

Mume wangu angeweza kusema ni uchakavu, nasi tungeamini. "Dereva akipumzisha kiganja juu ya rungu la gia, uzito ule unashuka hadi kwenye uma. Uma unasugua gia siku nzima, mwaka mzima, mpaka unalika. Wanafunzi wangu nimewakataza wote. Yeye sikumkataza. Ningemkatazaje, na mimi mwenyewe ndivyo ninavyoendesha?"

Ni kweli. Mtoto alipokuwa na miaka minne alikaa katikati yetu, baba yake akaweka kiganja juu ya rungu, naye akaweka kiganja chake kidogo juu ya kile cha baba. Walikwenda hivyo safari nyingi. Mimi nilitazama na kufurahi. Kitufe cha juu ya rungu lile kilikuwa na tarakimu za gia, lakini nilipojifunza kusoma ukubwani nilikuta viganja vimekwisha kuzifuta.

"Miaka sita nilikaa kando yake nikiutazama mkono huo," mkwe wetu alisema. "Nilidhani ndiyo raha yake."

"Ilikuwa raha yake," mume wangu alisema.

Alifanya kazi siku tisa. Alitia uma mpya, gia ya tatu mpya, ringi na beringi, akaiinua kila shafti na kuizungusha karibu na sikio kabla ya kuikubali. Meza alinifutisha mimi. Haikubaki gololi.

Tukarudi kwenye kile kilima. Gia ya tatu iliingia taratibu. Akaondoa mguu, injini ikalishika gari, rungu halikutikisika. Tulifika chini pole pole kama watu wanaosindikiza mgeni. Pale chini niliona mkono wake, ule ulio upande wangu, ukitoka kwenye usukani bila yeye kujua, ukashuka, ukalala juu ya rungu la gia.

Niliuchukua, nikauweka juu ya paja langu. Tulipokata kona aliuhitaji, nikamwachia, abadili gia. Baada ya kona ukarudi palepale kwenye rungu, nami nikauchukua tena.