Bega la Mpatanishi

Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alimtambua Mpatanishi kwa bega lake la kushoto.

Mzee aliingia dukani saa nne asubuhi, kofia mkononi, akasema anataka koti la heshima. Sindano akamzungushia futi mabegani. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka upana wa vidole viwili. Bega lile alilijua. Alilitazama kila Jumamosi jioni kwa miaka minne ya utoto wake, kwenye runinga ya jirani, akiwa amekaa sakafuni.

Siku hizo kulikuwa na mchezo kuhusu sayari saba zisizopikika chungu kimoja. Zilipokaribia kupigana aliitwa mtu mmoja tu, Mpatanishi. Alishuka kutoka chomboni bila silaha, koti la kijivu limefungwa hadi shingoni. Viumbe wa kila namna walimfokea, wengine wana macho sita, wengine hawana hata moja. Yeye aliwasikiliza hadi neno la mwisho, kisha akanyamaza. Alinyamaza hadi watoto wote pale sakafuni wakabana pumzi. Ndipo aliposema sentensi moja, na vyombo vya vita vikageuza kurudi vilikotoka.

"Mzee, nisamehe kama nimekosea," Sindano alisema. "Wewe ndiye Mpatanishi."

"Nilikuwa," mzee akajibu, macho chini. "Miaka arobaini imepita."

Dada yake Sindano, aliyekuwa anashona vifungo kule nyuma, aliinua kichwa. "Huyu? Mbona mfupi?"

"Walinivalisha viatu vya soli nene," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Akawaeleza shida yake. Wapenzi wa mchezo ule walikuwa wamekodi ukumbi kwa Jumamosi ya wiki ijayo, wakamwomba aje azungumze. Alikubali, halafu akajuta.

"Nikikuambia ukweli, fundi, nusu ya moyo wangu inataka koti lisiwe tayari siku hiyo. Nipate kisingizio."

"Hapo umegonga mwamba. Sijawahi kuchelewesha kazi ya mtu."

"Watu wale wanamtaka mwenye hekima. Mimi ninayo siri." Mzee alishusha sauti. "Kule kunyamaza kwangu hakukuwa hekima. Nilikuwa nasahau maneno. Kukariri kulinishinda tangu shule. Nilisimama pale nikiyatafuta kichwani, jasho linanitiririka ndani ya koti. Mwongozaji alichoka kurudia, akaacha hivyo hivyo. Watu wakasema, tazameni mtu anavyopima maneno."

Dada alicheka hadi kifungo kikamdondoka. Sindano hakucheka. Aliweka chaki mezani, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mgeni wake.

"Mimi nilikuwa na kigugumizi, mzee. Kibaya. Darasani nikiulizwa swali, herufi ya kwanza inaning'ang'ania mdomoni, wenzangu wananimalizia. Nikaacha kusema kabisa. Mama alidhani nimerogwa. Halafu nikakuona wewe. Mtu mzima, mbele ya majitu yenye macho sita, ananyamaza na hakuna anayemcheka. Nikajiambia, kumbe inaruhusiwa. Siku mwalimu aliponiuliza tena, sikulilazimisha neno. Nilimtazama, nikangoja, likaja lenyewe. Darasa zima lilidhani nafikiri."

"Lakini ulijifunza kwenye uongo," mzee akasema.

"Uongo uko wapi? Ulikuwa unatafuta neno, na mimi nilikuwa natafuta neno. Tofauti ni moja, wewe ulilitafuta mbele ya macho ya watu na hukuogopa."

"Niliogopa sana, fundi."

"Basi uliogopa na bado ukasimama. Hilo ndilo nililoliona, hata kama sikulijua jina lake."

Sindano alisimama, akaendelea kupima: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Alipofika tena begani akauliza, "Mafundi wengi wangeweka pamba hapa, mabega yalingane. Nikuwekee?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi singegusa. Ningekata kitambaa kifuate bega lilivyo."

"Kata hivyo."

Koti lilikuwa tayari Alhamisi, la kijivu, bitana ya buluu. Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja wauguzi, makanika, bibi mmoja na wajukuu zake watatu. Sindano na dada yake waliketi mstari wa mbele. Mzee alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, na watu wakatulia, wengine wakigusana viwiko kwa furaha.

"Sasa hivi," akasema, "nimesahau nilichotaka kuwaambia."

Ukumbi ukacheka. Akangoja wamalize, kisha akawaeleza yote: jasho, mwongozaji aliyechoka, viatu vya soli nene. Hakuna aliyevunjika moyo. Makanika mmoja alisimama akasema kwamba yeye, mteja akimfokea, huhesabu hadi kumi kama Mpatanishi, na karakana yake haijawahi kuona ngumi. Bibi akauliza yule kiumbe asiye na macho alikuwa nani. "Mpishi wetu," mzee akajibu, "na aligongana na kamera kila siku." Maswali yakafuatana. Miguu ilipomchoka aliletewa kiti, akaendelea akiwa ameketi, mikono ikichora hewani vyombo vya angani vilivyotengenezwa kwa sufuria kuukuu, hadi mlinzi wa ukumbi alipokuja kuomba afunge, naye akaketi kusikiliza.

Njiani kurudi, dada aliuliza kama koti lilikaa vizuri mgongoni. Sindano alifikiri kidogo. Kwa saa mbili nzima hakulitazama hata mara moja.