Sindano ya Mlangoni

Mama Mourine alinikuta mlangoni, mtoto yuko mgongoni na mikono yangu imejaa unga.

"Mama Syprose, wakwe wanakuja Jumamosi kutoka Malaba. Sitaki waketi kwenye makochi matupu. Una vitambaa vingapi?"

"Vitano."

"Nataka sita. Tafuta, utapata."

Huku kwetu Busia, wageni wa mahari wakija, viti huazimwa nyumba kwa nyumba, na vitambaa vya kuvifunika pia. Kila mwenye nyumba hufunga uzi wa rangi pembeni ili vyake virudi. Wangu ni wa kijani.

Zamani nilikuwa nafuma vitambaa hivyo na kuuza. Mama alinifundisha kule Rukala, mwaka ule mto ulipoingia darasani nami sikurudi shule tena. Sindano yangu ni spoku ya baiskeli ambayo baba aliisugua kwenye jiwe mpaka ncha ikawa na kikulabu. Sikuwahi kutembeza vitambaa. Ningewaambia watu nini? Nilivianika kwenye kamba mbele ya nyumba kama nguo zilizofuliwa, na aliyependa aliuliza. Nilimjibu nikitazama kitambaa.

Syprose alipozaliwa niliendelea. Alipokuja Ogendo nikashindwa. Mmoja anatafuna uzi, mwingine anaushika na mikono yenye mchuzi wa omena, na uzi mweupe haufichi kitu. Nikaweka vyote kwenye sanduku, nikajiambia nitarudi kufuma Ogendo akiacha kunyonya. Mume wangu Opondo akaona spoku imelala bure. Pini ya komeo la mlango ilikuwa imepotea, basi akaichomeka hapo. Kila jioni nafunga nyumba kwa sindano yangu.

Ninaponyonyesha, vidole vyangu hujisogeza vyenyewe kwenye mgongo wa mtoto, vinaingia kitanzi, vinatoka. Nikipita mlango ulio wazi, macho yangu hutangulia kwenye makochi kabla ya kuona watu. Kuna nyumba moja kule sokoni ambako bado wana kitambaa changu chenye maua manane. Huwa nazunguka njia ile ndefu nikione tu.

Cha sita nilikipata chini kabisa ya sanduku. Ni kile nilichokuwa nafuma siku uchungu wa Ogendo uliponishika. Kilikuwa kimebakiza ukingo kidogo. Kitambaa kisichofungwa fundo la mwisho kinashikiliwa na kitanzi kimoja tu, hilo nalijua vizuri. Lakini Ogendo alikuwa analia na Mama Mourine ananiita. Nikaufutika uzi chini, nikakikunja hivyo hivyo.

Jumamosi nilipewa kazi ya kuwanawisha wageni. Mama wa bwana arusi, Mama Eriaku, mama mnene wa Kiteso mwenye sauti ya sokoni, alikalishwa kiti cha mbele. Aliinama kula kuku. Nyuma yake Syprose aliona uzi unaning'inia, akauvuta. Ukaja. Akafurahi, akatoka nao mpaka uani.

"Wee! Kiti kinavuliwa nguo!" akapiga kelele Dolphine, shangazi wa bibi arusi.

Watu wakacheka. Mama Mourine hakucheka. Kitu kufumuka mbele ya wakwe si jambo zuri.

Mama Eriaku akageuka, akachukua kilichobaki. Kilikuwa kiduara cha katikati tu, kama kisahani cha chai.

"Nani amefuma hii?"

Mama Mourine alinitazama. Maji ya jagi yangu yalikuwa yanamwagikia kiatu cha mtu.

"Ni mimi," nikaliambia beseni.

"Mbona hukufunga?"

"Mtoto alizaliwa."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyabo, mama yangu, hiyo nayo ni sababu! Sasa sikia. Mwanangu Robinson ana viti sita, na huyu bibi arusi hata kifungo hajui kushona."

"Mama jamani!" Mourine akajificha uso.

"Nadanganya? Nyabo, utanifumia? Nijibu nikiondoka. Vya kiwandani vimejaa pale Malaba, lakini vinateleza kama sabuni."

Walipoondoka alinishika mkono, akangoja. Nikatazama viatu vyake. Gari likapiga honi.

"Basi," akasema, akaniachia. "Mama Mourine ana namba yangu."

Nyumbani, jua bado liko juu, Syprose alinipa uzi wote. Alikuwa ameuzungusha kwenye gunzi la mahindi, una vumbi, una alama ya meno. Nilitaka kumkemea. Badala yake nilikaa kizingitini nikishika kile kiduara. Nilikuwa nimelikumbuka hata joto la spoku ikikaa muda mrefu mkononi.

Nikaichomoa kwenye komeo.

Opondo akafika, akakuta mlango unapigwa na upepo. "Sasa tutafunga na nini?"

"Mwiko."

"Na ugali tusonge na nini?"

"Tukishasonga ndiyo uchomeke."

Alinitazama kama mgeni, kisha akacheka. Nikamwomba simu, nikampigia Mama Mourine.

"Mwambie sita siwezi. Viwili. Na asinihimize, Ogendo bado anatambaa."

"Mwambie mwenyewe. Mimi ndiye ninayefuma?" Akanitajia namba, akakata.

Nilibonyeza, ikaanza kuita. Ogendo akatambaa mpaka miguuni kwangu, akaunyakua uzi. Sikumpokonya. Nikamwachia gunzi alishike kwa mikono miwili, mimi nikabaki na ncha.

"Haloo?" Sauti ile ya sokoni. "Haloo, nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Yule wa kitambaa."