Matanga ya Mtu Hai

Katika mitaa yetu ya Mji Mkongwe hakuna haja ya mpiga mbiu. Majamvi yakionekana yameegemezwa mlangoni pa nyumba, na masufuria makubwa ya kukodi yamepangwa barazani, kila apitaye huelewa kwamba humo mna msiba, naye hurudi kwake kubadili nguo. Hatuulizi. Kumwuliza mfiwa nani amekufa ni utovu wa adabu, na adabu hiyo tumeirithi sote, Waislamu kwa Wakristo.

Kwa hiyo asubuhi ile, nilipotoka kanisani Mkunazini na kuyakuta majamvi na masufuria mlangoni pa Bi Kazija Muhiddin, nilijua kwamba tumempoteza. Bi Kazija ni jirani yangu tangu ujana wetu, na marehemu mumewe alisomesha pamoja nami. Mapema juma lile alikuwa ameanguka ngazini akapelekwa hospitali. Daktari alituambia kwamba moyo wake umechoka, na kwamba usiku wa kwanza ndio wa kuogopwa. Usiku huo ulipita salama. Jana yake tu nilikuwa nimemtembelea, nikamkuta anamgombeza binti yake, Tahiya, kwa sababu ya uji usiotiwa sukari. Niliondoka nikiamini kwamba mtu anayegombania sukari bado ana shauri na dunia.

Nilivua kofia yangu. Kizingitini alisimama Ridhwan, mtoto wa marehemu dada mdogo wa Bi Kazija. Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu uchanga, akamsomesha, akamwozesha, akampa sehemu ya chini ya nyumba hiyo akae na mkewe. Siku hizi Ridhwan ana kazi ya kupokea watalii, na ana mazoea ya kuzungumza huku anaitazama simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mungu amrehemu. Imetokea saa ngapi?"

"Imetokea nini?"

"Bi Kazija, kijana! Amefariki saa ngapi?"

"Aa, Mwalimu! Hajafa. Yuko hospitali, Tahiya yuko naye."

"Na majamvi haya?"

Alitabasamu, akanijibu kwa Kiingereza: "Hope for the best, prepare for the worst." Kisha, kana kwamba sikufundishwa lugha hiyo na watu waliozaliwa nayo, alinifasiria taratibu: mtu atumaini lililo jema, na ajiandae kwa lililo baya kabisa. "Mwezi huu harusi nyingi, Mwalimu. Masufuria yakishakodiwa na wengine, utapikia nini? Bora yawepo. Akipona, nnayarudisha. Nimepoteza nini?"

Msemo huo naufahamu. Nilifunzwa katika shule ya misheni na mwalimu mmoja mwanamke, mkali, ambaye hakupata kuchelewa darasani. Alitufunza siku aliyotuamuru tujaze matangi ya maji kabla ya kiangazi. Tangi lililojaa huzuia kiu. Je, sufuria la pilau huzuia kifo? Kujiandaa kwa lililo baya, kwa mtu mwenye mgonjwa, ni kumwita daktari mapema, ni kukaa kando ya kitanda, ni kujua dawa ipi imekwisha. Nilimwuliza Ridhwan kama ameshakwenda kumtazama mama yake mkubwa.

"Kazi nyingi, Mwalimu. Nitakwenda."

Juu ya vichwa vyetu nilisikia samani ikiburutwa. Chumba cha juu ni cha Bi Kazija: humo aliingia akiwa bibi harusi, humo alifiwa na mumewe, na dirisha lake ndilo analoagizia mboga kwa kamba na kikapu. Nilipanda ngazi bila kukaribishwa. Kanga zake zilikuwa zimefungwa mafurushi na kutupwa ukumbini. Kasha lake lilikuwa wazi, na juu yake ilianikwa sanda aliyoinunua mwenyewe alipokwenda Hija. Wazee wengi wa kwetu huweka sanda zao, na jambo hilo ni la heshima. Lakini mwenye kuitoa kashani kabla ya wakati wake silijui jina la kumwita. Ndani ya chumba kuta zilinuka rangi mbichi. Kitanda chake hakikuwamo. Mke wa Ridhwan alikuwa anakisukumia ukutani kitanda kipya, kipana, chenye shuka nyeupe, na juu yake mataulo mawili yaliyokunjwa mfano wa bata.

"Wageni wanaingia Jumamosi," alisema Ridhwan nyuma yangu.

"Na mwenye chumba akirudi?"

"Kuna kile cha chini, karibu na kisima. Ngazi hizi hazimfai tena, Mwalimu. Si ndizo zilizomwangusha?"

Chumba hicho cha kisimani ni ghala. Kuta zake zinatoka maji masika na kiangazi. Kumlaza humo mtu mwenye moyo uliochoka ni kulitimiza lile ambalo Ridhwan alidai anajiandaa nalo tu. Nilimwambia hivyo bila kulainisha neno. Akanijibu kwamba haya ni mambo ya familia.

Sikupata nafasi ya kuendelea, maana chini mtu alikuwa anaita hodi. Alikuwa Bi Mayasa wa Chukwani, mwosha maiti, mwanamke mwenye umri kama wetu. Alikuja na ndoo yake na kafuri.

"Yuko wapi maiti wangu?" aliuliza.

"Yuko hospitali," nilimjibu.

"Hawajamleta?"

"Hawajamleta kwa sababu hajafa, Bi Mayasa."

"Hajafa!" Alimgeukia Ridhwan. "Na kitanda ulichoniletea jana kwa gari, ukaniambia sadaka ya Bi Kazija? Mie nshakilalia! Mbona hukusema ni mzima? Umenilisha ijara ya kumwosha mtu anayepumua!"

"Sikusema amekufa, bibi. Nilisema ukae tayari."

"Sadaka ya kitanda hutolewa na mtu aliye tayari kwenda wapi? Chake Chake?"

Wakati huo mtaa ulikuwa umeshayaona majamvi. Wanawake walianza kuingia wamejifunika mabuibui, na wa kwanza, Bi Bashira wa nyumba ya pili, aliingia na kilio kilichotangulia mwili wake. Ridhwan alisimama mbele yao akipunga mikono, "Hajafa, jamani, hajafa!" Wakamhurumia. Walimshika mabega, wakamkalisha, wakamwambia kwamba ndivyo msiba ulivyo, mtu huwa hakubali mwanzoni. Kina baba walijipanga barazani. Mtu alikwenda msikitini kuuliza maziko ni baada ya sala ipi. Nilisema ukweli kwa kila aliyeingia, na kila aliyeingia alinijibu, "Subira, Mwalimu, subira."

Kisha Tahiya akanipigia simu, amekasirika. "Mwalimu, kuna nini huko? Watu wa Matemwe wananipa pole! Nimeweka simu wazi, mama kasikia kila kitu. Kashavaa viatu!"

Nilimweleza yote: majamvi, kitanda, wageni, chumba cha kisimani. Nilimsikia Bi Kazija kwa nyuma akisema, "Mwambie Mwalimu asiwaache waondoke." Daktari, aliyekuwa amekusudia kumruhusu kesho yake, alikubali, kwa masharti ya dawa na utulivu, kumruhusu siku ile.

Alifika kabla ya adhuhuri, ameegemea bega la Tahiya. Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja alipiga kelele akamwaga kahawa. Bi Bashira alisema "Lahaula!" akafunika uso.

"Endeleeni," alisema Bi Kazija, akiketi juu ya jamvi lake la matanga. "Nataka nisikie nani analia vizuri. Bashira, mbona macho makavu? Siku alipokufa paka wako mtaa mzima hatukulala."

Watu walicheka, wengine huku wanalia kweli. Bi Mayasa alisogea akapiga magoti. "Kazija dada yangu, kitanda chako nnacho. Nitakirudisha."

"Umepewa kwa neno gani?"

"Sadaka, kwa jina lako."

"Basi ni chako. Sadaka ikishatoka hairudi. Ila kazi yenyewe utaingoja, Mayasa, na usinikimbize."

Ndipo alipomtazama Ridhwan. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile simu yake ilikuwa mfukoni.

"Mama mkubwa, sikukusudia ubaya. Nilijiandaa tu."

"Ulikuja kunitazama?"

Kijana aligusa mfuko wenye simu, akautoa mkono.

"Kifo changu umekiandalia masufuria. Uhai wangu hukuuandalia hata chungwa moja."

Hapakuwa na mtu aliyecheka hapo. Nami namshukuru Mungu kwamba hawakucheka, kwa maana nilikuwa nimechoshwa na tabia yetu ya kuufanya uovu kuwa mzaha ili tusilazimike kuuhukumu. Kijana alitumaini lile aliloliita baya kabisa, akalipaka rangi, akalitandikia shuka nyeupe. Maneno ya Kiingereza yalikuwa buibui tu la kulifunika.

Bi Kazija aliagiza masufuria yatiwe motoni na mchele upikwe, kwa kuwa watu wameacha kazi zao na hawezi kuwarudisha na njaa. Kisha akataka kupanda chumbani kwake. Vijana wa mtaani walimketisha kitini wakambeba juu, ngazi kwa ngazi, bila shida yoyote. Alitazama kuta, akatazama kitanda, akayatazama mataulo.

"Bata hawa nani kawaalika?"

"Ni ya wageni, mama mkubwa," Ridhwan alisema. "Wanakuja Jumamosi. Wameshathibitisha."

"Waje, wasivunjiwe ahadi. Watalala chumbani kwako."

"Na mimi na mke wangu?"

"Karibu na kisima. Nimesikia wewe mwenyewe umekisifu."

Aliwaondoa bata kwa ncha ya bakora, akalala juu ya shuka nyeupe na viatu vyake vya hospitali. Ridhwan aliniandama ukumbini. "Mwalimu, nisemee. Wewe anakusikiliza." Nilimkumbusha kwamba haya ni mambo ya familia, kisha nikaikunja ile sanda, nikairudisha kashani, na kasha nikalifunga.

Alasiri watu walishakula na kutawanyika, nami nikabaki ukumbini na Tahiya, tukimsikiliza mgonjwa akivuta pumzi. Chini Ridhwan na mkewe walikuwa wanahama. Tulisikia kitu kizito kikigonga ukuta, kikaburutwa, kikagonga tena.

"Ridhwan!" Bi Kazija aliita kutoka kitandani, macho amefumba.

"Naam, mama mkubwa."

"Polepole na hilo godoro. Ndani kuna mgonjwa."