Mzee Pua na Maziwa ya Lozi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Pua alikula mshahara wa pua yake, na hilo si tusi. Alikuwa mkaguzi wa maziwa kwenye lango la kiwanda. Wafugaji wanapanga foleni na madumu yao, yeye anafungua kifuniko, anainama, ananusa mara moja, basi. Yakiwa mazima, pita. Yakiwa yameharibika, anayamwaga mtaroni papo hapo, mwenye maziwa akiangalia, na radhi haombi ng'o. Alipostaafu akahamia kunusa vya nyumbani: chai za wageni, soksi za wakwe, hakuna aliyesalimika.

Sasa, mwezi uliopita binti yake, mwalimu wa hesabu anayelea mtoto peke yake, alimwachia mjukuu wa miaka miwili mwenye mashavu ya kufinywa, wanamwita Kibonge. Mzee aliambiwa waziwazi: maziwa ya ng'ombe yanamdhuru mtoto, anakunywa ya lozi tu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Tangu lini lozi ikakamuliwa, ina chuchu? Akampa Kibonge kikombe cha maziwa ya ng'ombe, mazima kabisa, aliyoyanusa mwenyewe. Midomo ya mtoto ikavimba, pumzi zikambana, wakalala hospitali siku mbili. Binti hakugomba, na hilo ndilo lililomtia mzee homa. Alisema tu, "Baba, nakupa nafasi moja nyingine. Ukiiharibu, natafuta mlezi wa kulipwa, na wewe utamwona Kibonge kwa miadi."

Leo ndiyo siku yenyewe. Binti alitoka alfajiri kwenda kusimamia mtihani, na mlangoni akasema, "Maziwa yake yapo. Saa nne mpe kikombe kimoja." Mzee hakuuliza yapo wapi. Maziwa hukaa kwenye friji, kuna la kuuliza hapo?

Saa nne akafungua friji. Nyuma ya sufuria ya maharage akaikuta pakiti ya maziwa ya lozi imesukumwa hadi mwisho, imeshafunguliwa na kufungwa tena, haijaandikwa lini. Ilikuwa imenona, ubavu umetuna. Mzee akapendezwa, akaona kiwanda hicho hakipunji watu kipimo. Akamimina kidogo kwenye bilauri, akatumbukiza pua.

Pua ikatoka mikono mitupu. Harufu ilikuwepo, kali kidogo, kama gundi ya viatu, lakini huenda ndivyo lozi zinavyonuka zikishakamuliwa. Nani ajue? Pua iliyowatoa jasho wafugaji wa nusu ya wilaya haikuwa na la kusema.

"Babu, maziwa!" Kibonge akagonga kikombe chake mezani.

"Subiri, bosi. Yako kwenye ukaguzi."

Akayachemsha. Maziwa ya ng'ombe yakiharibika hukatika motoni, hilo halina mjadala. Haya nayo yakakatika, yakafanya mabongebonge. Ahaa! Akataka kuyamwaga kwa mbwembwe zake za zamani, kisha akakumbuka kwamba binti yake aliwahi kumimina ya pakiti mpya kwenye kahawa ya moto, yakakatika vilevile, naye akayanywa huku anasahihisha madaftari. Hakufa. Ebo! Maziwa gani haya yasiyo na adabu?

Akayaonja. Uchachu upo. Umezidi? Atajuaje, na ya lozi yaliyo mazima hajawahi kuyaonja? Basi akajikaza kisabuni, akanywa bilauri nzima, akaketi kuitazama saa ya ukutani aone kama atakufa. Mpango ulikuwa huu: nusu saa ikipita babu angali anapumua, mjukuu anywe. Huo ndio ukaguzi wa msomi wetu.

Kibonge aliupinga mpango huo kwa mapafu yake yote. Kamasi zikashuka, kikombe kikaruka hadi chini ya kochi. Dakika ya ishirini tumbo la mzee likanguruma. Njaa au sumu? Hata tumbo lake mwenyewe lilimshinda kulikagua.

Hapo akaogopa. Aliogopa kwelikweli, maana kila akimtazama mtoto aliiona tena ile midomo iliyovimba. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini apige aseme nini, kwamba mkaguzi mzima ameshindwa na pakiti? Binti atasema basi, nafasi imeisha. Akafikiria kumpa mtoto maji na kudanganya kwamba alikunywa maziwa. Maneno ya Kibonge hayakufika thelathini, na "babu mwongo" hayakuwemo. Alikaribia kabisa kufanya hivyo, nisimsafishe.

Akapiga simu.

"Baba, nini tena?" Binti roho ilikuwa juu. "Kibonge vipi?"

"Mzima. Analia tu. Mwanangu, haya maziwa... sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama yameharibika. Nimenusa, nimechemsha, nimekunywa, na bado sijui. Mtoto sijampa hata tone."

Mzee akaharakisha kuongeza habari njema.

"Ila pakiti yenyewe ni nzuri. Imenona."

"Imenona?"

"Imejaa vizuri, tumbo mbele."

"Baba! Imevimba hiyo, imeoza! Nimeisahau humo wiki tatu. Mwaga! Mpya iko kabatini, juu ya mchele."

"Maziwa kabatini?"

"Yanakaa popote mpaka uyafungue. Ukishayafungua ndiyo yanaingia friji, na siku saba hazipiti. Wewe umekunywa kiasi gani?"

"Bilauri moja. Ile kubwa."

Akamsikia binti akicheka, halafu kicheko kikawa kama si kicheko, akapenga kamasi.

"Basi nimeharibu tena," akasema mzee. "Huyo mlezi wa kulipwa anaanza lini?"

"Mlezi gani? Baba, mwezi uliopita ulikuwa na uhakika, tukalala hospitali. Leo hukujua, ukauliza. Kesho natoka saa kumi na mbili kamili, usinicheleweshe. Sasa mpe mtoto maziwa, halafu usikae mbali na choo."