Kibakuli Kilichojaa

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa sita, Sanobar alikuwa amekwishafagia ua, ameanika nguo za watu watano na kukatakata karoti za pilau ya mchana. Mama mkwe wake, Bibi Hosiyat, alikuwa amelala chali, anakoroma. Muda huo, baada ya karoti na kabla ya mchele, haukuwa na mwenyewe. Sanobar alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mwaka huo ndipo alipougundua. Akauchukua.

Raha yenyewe ilikuwa ndogo. Buli la chai ya kijani, zabibu kavu saba, kipande cha mkate wa tanuri cha pembeni pale panapoungua kidogo, na kivuli cha mti wa aprikoti. Lakini chai ilikuwa ya moto, na hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Tangu aolewe, miaka ishirini na saba, alikuwa akiwamiminia wengine kwanza, kisha anakula wa mwisho, jikoni, amesimama, chakula kikiwa kimepoa.

Huko Margilan, mji wao wa Uzbekistani, mtu wa heshima humiminiwa chai kidogo, robo ya kibakuli, ili mmiminaji apate kumrudia tena na tena. Kibakuli kikijazwa hadi ukingoni, hata mtoto anajua maana yake: nenda kwenu. Sanobar hakuwa na wa kummiminia, na magoti yalikuwa yanamuuma, basi akajijazia mwenyewe hadi juu, amalize kazi. Akanywa funda moja, akaondoka.

Aliinuka kutoka kwenye kitanda cha uani alichokalia, polepole, mgongo wima, miguu ameikunja, kibakuli mkononi. Hakumwaga hata tone. Kibakuli kilikuwa kimemwambia aende, naye hakuwa na kwingine pa kwenda, akaenda juu, hewani. Alipoupita ukuta kidogo, akatulia hapo.

Kutoka pale alizihesabu nyua kumi na moja. Katika majiko tisa kulikuwa na mwanamke amesimama, anakwangua mabaki ya chini ya sufuria. Wa karibu kabisa alikuwa Muqaddas, mke wa mwoka mikate.

"Unakula umesimama, shoga?" Sanobar akamuuliza.

"Na wewe umekalia nini?"

"Sijakalia kitu."

"Heri yako. Huko kuna upepo?"

"Kidogo tu. Mzuri."

Chai ilipokwisha alishuka, akaosha mchele.

Alhamisi Bibi Hosiyat aliamka mapema, akamkuta juu.

"We Sanobar! Mchele umeloweka mpaka umechoka!"

"Nashuka, mama. Namalizia."

"Nani kakumiminia?"

"Mwenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu."

"Aa," alisema Bibi Hosiyat, kwa kuwa sasa alikuwa ameelewa, akaenda kutafuta meno yake.

Mumewe, Ergash, fundi baiskeli, alipopata habari hakufurahi. "Watu wataona soli za viatu vya mke wangu!"

"Viatu huwa navivua, baba Jasur."

"Ndiyo mbaya zaidi. Soksi yako ya kushoto ina tundu."

Jumamosi akamwita mwenyekiti wa mtaa, mzee Tursunali, ili chai ya saa nne ipigwe marufuku. Mwenyekiti alikaa kitandani uani, Sanobar akammiminia robo kibakuli mara tatu, naye akasikiliza.

"Na mwenyewe unasemaje?" akamuuliza.

"Nguo nitafua," Sanobar alisema. "Pilau nitapika. Chai ile siiachi."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni. Mikono akaificha chini ya aproni.

Mwenyekiti akafikiri. "Huu si ugonjwa," alisema. "Kibakuli kimejaa, kinamfukuza. Angefukuzwa yeyote. Dawa yake ni nyepesi. Ergash, kila asubuhi, kabla hujaenda kazini, mmiminie wewe. Kidogo, kama mtu wa heshima. Atakaa chini."

Buli lilikuwa katikati yao, kishikio chake kimemwelekea Ergash. Ergash akalitazama. Sanobar naye akalitazama.

"Bega langu hili," Ergash akasema mwishowe.

"Ni robo kibakuli tu," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo, lakini kila siku..."

"Baba yake hakuwahi kunimiminia hata mimi," Bibi Hosiyat akadakia, "na mbona nimeishi?" Akaweka shali yake sawa. "Hata nilipojifungua," akaongeza, kama anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo. Kisha akamgeukia mgeni. "Na kwako, mwenyekiti, nani anamimina?"

Mwenyekiti akainua macho kwenye mti. "Mwaka huu aprikoti zimezaa kweli. Zile za juu mnazichumaje?"

Mambo yakaishia hapo. Ergash alinunua kamba, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa mkewe, Sanobar akapewa na kikapu cha kuchumia aprikoti za juu. Ilikuwa rahisi zaidi aruke kuliko yeye kummiminia.

Kabla mwezi haujaisha, majiko yote tisa yalikuwa yamejaza vibakuli. Saa nne na robo wanawake walikuwa wakikaa hewani juu ya kuta, kila mmoja na mkate wake, wakizungumza habari za magoti. Muqaddas alikuwa akipeperuka hadi kwenye nguzo za umeme, maana hakupenda kamba. Siku moja Bibi Hosiyat naye hakulala. Alijijazia kibakuli akainuka, lakini kwa umri wake ilikuwa upana wa kidole tu juu ya godoro. Akabaki papo hapo, ameridhika, akadai zabibu. Sanobar alimgawia tatu katika zile saba.

Mchana, wote walishuka. Ergash alirudi, akanawa, akakaa. Sanobar akammiminia robo kibakuli kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka kifuani, kisha akaenda jikoni akala amesimama. Pilau ilikuwa imepoa. Haikumsumbua sana. Kipande cha pembeni cha mkate wa kesho alikuwa amekwisha kukificha.