Amplifaya ya Mgika

Mzee Makoye alikuwa amefika pale patamu pa wimbo, pale wachezaji wote wanapoinua majembe juu, akanyanyua sauti, na spika zikakata. Kimya! Manju mzima, kiongozi wa ngoma, kabaki na maikrofoni mkononi, mdomo wazi, na sauti yake yenyewe, iliyochakazwa na nimonia ya mwaka jana, ikafika mstari wa mbele tu. Wa nyuma waliendelea kuruka kwa kubahatisha.

"Nyamizi!" akafoka. "Tena? Tena hii?"

Nyamizi, binti yake, alishachutama nyuma ya gari lao la Noah, kichwa ndani ya buti. Ndiye aliyefunga muziki wote ule: spika kubwa za besi ndani, spika za honi juu ya keria, na amplifaya kwenye sakafu ya buti. Taa ya amplifaya, ambayo mambo yakiwa mazuri huwa ya kijani, ilikuwa nyekundu. Akazima, akawasha, ikarudi kijani. Wimbo wa taratibu ukapita bila tatizo. Mzee akapandisha sauti, ikawa nyekundu tena.

Sasa ingekuwa amplifaya ya kununua dukani, mzee angetukana kidogo yakaisha. Lakini hii ilikuwa zawadi ya Abel. Abel ni fundi umeme wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Rwamgasa, na ni mchumba wa Nyamizi, na hayo yote hayana ubaya. Ubaya ni mmoja tu: Abel ni Mgika. Baba yake Mgika, babu yake Mgika, na nadhani hata mbwa wao ni Mgika. Mzee Makoye ni manju wa Wagalu. Vyama hivi viwili vya ngoma hutaniana mwaka mzima, lakini mavuno yakiisha na mashindano yakianza, utani unawekwa kando. Kila upande unapiga ngoma yake, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi. Hakuna kura. Watu wanahama kwa miguu yao, na kila manju anaamini mwenzake ana dawa ya kumwibia watu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mzee Makoye akasema mbele ya kundi zima, akiitazama ile taa nyekundu. "Mgika kaniletea mashine ya kuniongezea sauti, nami mjinga nikapokea. Kumbe kaitia mkono wake! Sikilizeni wote. Kesho kwenye mashindano ya Mhunze ikinizimikia mbele ya Wagika, Jumapili wajomba zake wasije kwangu kuposa. Binti sina."

"Baba, ni waya tu huo..."

"Nimesema!"

Wachezaji wakainamisha macho. Manju akishasema mbele ya ngoma, kasema. Na Samuye nzima, kijijini kwao, ilijua kwamba Nyamizi anampenda Abel, tusizungushe maneno. Alimpenda tangu siku kijana alipokuja kibandani kwake, anakofunga muziki wa magari, kutengenezewa redio ya pikipiki, akarudi kesho yake na redio ileile, nzima.

Asubuhi, kabla ya safari ya Mhunze, Noah ilikuwa imeegeshwa mbele ya kibanda cha Nyamizi, Shinyanga mjini. Mzee na wachezaji wake walikaa kivulini ng'ambo ya barabara wakinywa chai. Mzee alikuwa amenuna, hata chapati hakuigusa.

"Mganga hajigangi!" akacheka Mwamvua. Huyu anashona makoti ya viti vya magari kibanda cha pili, mtoto wa mjini, ulimi wake haujui likizo. "Bajaji za mji mzima zinaimba kwa mkono wako, gari la baba yako bubu!"

"Mwamvua, niache na shida zangu. Kaa kwenye usukani. Nikisema ongeza, ongeza."

Kwanza Nyamizi aliichomoa amplifaya akaipeleka mezani kwake, akaiunga kwenye betri ya majaribio na spika ya zamani, akafungulia mpaka bati la kibanda likaanza kulia. Taa kijani, haikupepesa. Amplifaya ilikuwa nzima kama yai. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya gari.

Akairudisha garini akaanza kufuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Fyuzi, nzima. Betri, nzima, na waya mnene wa kutoka betri umekaza. Waya wa rimoti, ule mwembamba unaoiamsha amplifaya redio ikiwashwa, akautikisa, akauvuta, hauna neno. Nyaya za spika akazikagua mpaka juu ya keria, akitafuta mahali zilipochubuka zikagusa bodi, maana hiyo nayo huleta nyekundu. Hakuna. Jasho linamtoka, mafuta yamempaka mpaka kwenye nyusi.

"Ongeza!"

Mwamvua akaongeza. Nyekundu.

"Wanga hawa!" akasema Mwamvua.

"Hakuna wanga!"

Simu ikaita. Abel, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Nipo njiani kuja Mhunze. Nyamizi, maneno ya mzee yamewafikia wajomba. Wanasema hawaendi kuposa kwa mtu anayewaita wachawi, hata amplifaya ikiimba mpaka Krismasi."

 Hilo la wajomba Nyamizi hakuwa amelifikiria kabisa.

"Sasa tuanze na moja," Abel akaendelea. "Umeangalia ethi?"

"Ethi nimeifunga mimi! Nimekwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikapiga msasa, nikakaza na spana. Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nauliza kama umeiangalia leo."

"Ethi naijua!"

"Haya. Mimi huku karasha likizima, waya ninaoanza nao ni ule nilioufunga mwenyewe, kwa sababu ndio nisioushuku."

Nyamizi akakata simu. "Huyo naye!" akamwambia Mwamvua. Akafuta mikono, akakunja uso. Kisha, shingo upande, akachukua mita. Ncha moja akaiweka pale waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bati la gari, unapotoka kwenye amplifaya, ya pili akaigusisha bati tupu la gari. Ethi ikiwa nzima, hapo mita haina la kusema.

"Ongeza, Mwamvua."

Namba zikaanza kupanda. Mwamvua alivyozidi kuongeza, nazo zikazidi, mpaka taa ikawa nyekundu.

Nyamizi akafunua kapeti la buti mpaka kona ya mwisho. Bolti ilikuwa mahali pake, lakini inang'aa mafuta, na aliposhika kichwa chake ikazunguka kwa vidole. Vidole! Yeye aliyekaza kwa spana mpaka mkono ukauma! Akaitoa. Chini ya kichwa cha waya, palepale alipokwangua rangi, palikuwa pamelala kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimepakwa dawa nyeusi. Akakinusa. Mafuta ya kondoo na magome.

Harufu ile aliijua tangu hajaota meno. Ndiyo iliyokuwa ndani ya pembe ya dawa ya baba yake, ndiyo anayopaka ngoma zake kila msimu kabla ya kwenda kushindana. Nyamizi akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu kicheko kikamkatikia. Angemwambiaje? Dawa ya manju haiguswi na mtu mwingine, hata mtoto wake. Akimweleza mbele ya wachezaji, ni sawa na kumvua nguo barabarani. Na akiitupa kimyakimya akafunga bolti yake, muziki utaimba, lakini Abel atabaki mchawi mpaka kaburini.

"Mwamvua, nenda kaniletee chai."

"Chai si hii hapa?"

"Kalete nyingine."

Mwamvua akaelewa, akaondoka akiangalia nyuma. Nyamizi akamwita baba yake aje amsaidie kushika kitu. Mzee akaja, akachungulia ndani ya buti, akaona kile kipande cha ngozi juu ya kitambaa safi. 

"Nani kakuambia uitoe?" akasema kwa sauti ya chini.

"Baba, uliiweka lini?"

"Siku ile ulipomaliza kufunga, ukaenda kunawa. Mashine imetoka kwa Mgika, niiache hivihivi, uchi? Nilikuona ulivyohangaika na bolti ile, unakwangua, unasugua, unarudia. Nikajua huo ndio moyo wa mashine. Nikaukinga."

Nyamizi alitaka kulia na kutaka kucheka, vyote viwili. "Baba yangu, umeme ukitoka kwenye betri ni lazima urudi nyumbani. Njia yake ya kurudi ni hapa. Wimbo mdogo ulikuwa unajipenyeza pembeni kwenye bolti. Mkubwa haukupita."

"Dawa yangu haizibi umeme."

"Basi imba."

Akairudisha ngozi mahali pake. Mzee akashika maikrofoni, akaimba. Nyekundu. Nyamizi akaitoa, akafuta mafuta, akapiga msasa mpaka bati likacheka, akakaza na spana. Mzee akaimba, na mama yangu! Kuku wa jirani waliruka ukuta, na Mwamvua akamwaga chai zote mbili. Mzee hakuridhika. Akaifungua bolti kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka ngozi, akaimba, nyekundu; akaitoa, akaimba, kijani. Akaketi ukingoni mwa buti.

"Kumbe dawa ni kali," akasema.

"Kali mno, baba. Imezuia kila kitu kisipite."

Mzee akacheka kwa puani. Kisha uso ukaanguka. "Nimeshasema mbele ya ngoma, Nyamizi."

"Na wajomba zake wamesikia, baba. Hawaji tena."

 Mzee akaichukua ile ngozi, akaitia mfukoni, akapanda gari kuelekea Mhunze. Nyamizi aliendesha huku ametazama mbele, macho yakimwasha. Amplifaya alikuwa ameiponya. Posa haiponi kwa msasa.

Uwanjani Mhunze vumbi lilishapanda. Wagika walikuwa upande wao, ngoma zinanguruma, watu wamewazunguka wamejaa tele, na Abel alikuwa humohumo na wajomba zake, kaja moja kwa moja kutoka Rwamgasa na buti zake za mgodini. Nyamizi akamwona. Abel akainua mkono, mjomba wake mkubwa, Mzee Wiliam, akaushusha.

Mzee Makoye akashika maikrofoni. Akafunga macho. Wachezaji wakangoja wimbo waliofanyia mazoezi msimu mzima, lakini manju akaanza mwingine ambao hakuna aliyeujua, kwa Kisukuma, taratibu, na maana yake ilikuwa hivi:

"Nilimtafuta mchawi Rwamgasa, nikamkosa,
nikamtafuta Mhunze kwa Wagika, nikamkosa,
nikafunua kapeti la gari langu,
nikamkuta kajikunyata, kavaa kofia yangu!"

Na hapo kwenye kofia akavua kofia yake, akaitazama kama ya mtu mwingine, akapandisha sauti mpaka mwisho. Nyamizi aliitazama taa, mikono kifuani. Kijani! Sauti ya mzee ikatambaa juu ya uwanja mzima, ikazifunika ngoma za Wagika, na watu wakageuza shingo. Wachezaji wake walipoelewa anachokisema, wakaanguka kwa kicheko na majembe yao, wakainuka wakaitikia. Akaimba yote: ngozi, bolti, binti aliyekwenda kunawa. Kila ubeti watu wakahama, wanacheka, wanakimbia, wanamwita aurudie. Manju wa Wagika alibaki anawaimbia ng'ombe wachache na mama mmoja muuza karanga, na baadaye alilalamika kwamba kujisema mwenyewe hadharani ni dawa mpya na haiko kwenye taratibu.

Wimbo ulipoisha, Mzee Makoye alisema kwa maneno ya kawaida, bado kwenye maikrofoni, ili asibaki asiyesikia. "Abel, mashine yako nzima. Mkorofi nilikuwa mimi. Mzee Wiliam, nilikukosea wewe na ukoo wako, nisamehe. Jumapili nimepika, mkitaka msije."

Mzee Wiliam alijitahidi kununa. Akajitahidi sana, mzee wa watu, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika, na mwisho akacheka mpaka akamwegemea mpwa wake. "Tutakuja!" akapaza sauti. "Tuje tuione hiyo kofia!"

Abel akavuka uwanja mbele ya vyama vyote viwili, akasimama mbele ya mzee, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na Nyamizi aliyekuwa nyuma ya gari alilia waziwazi, wala hakujificha. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha ngozi, dawa ya Wagalu iliyopita kwa babu yake na baba yake, akakiweka kwenye kiganja cha Mgika mbele ya watu wote. "Shika. Ifunge kwenye gari langu mahali unapoona panafaa."

Abel akakitazama, akamtazama Nyamizi. Nyamizi akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mafuta, akamwonyesha juu kwenye keria, kona isiyo na spika.

"Pale," akasema. "Pale hakuna waya."