Dereva Ambaye Hakuvuka Mpaka

Mzee aliyebisha hodi asubuhi ile alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu ambaye viatu vyake vilikuwa vimechoka kiasi kile. Mkunga aliliona hilo kabla hajamjibu salamu. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kutazama watu hivyo. Wajawazito walimdanganya tarehe, waume zao walimdanganya mengine, naye aliwahudumia wote bila kumwamini yeyote.

"Namtafuta dereva wa lori la maji," mgeni alisema. "Tulikuwa naye vitani. Mimi wananiita Filimbi." Jina lilimfaa. Pengo la meno yake ya mbele lilitoa mluzi mwembamba katika kila neno.

Mkunga hakumfungulia mlango wote. "Unamtakia nini baba yangu?"

"Nishani zake, mwanangu. Ana nishani mbili hajawahi kupewa. Moja ni ya vita, kila aliyevuka mpaka aliipata. Ya pili ni ya ushujaa. Kuna afisa anasahihisha mafaili ya wastaafu wa jeshi, nami nitakuwa shahidi. Nahitaji tu nakala ya kitambulisho chake na sahihi yake."

Nakala ya kitambulisho na sahihi. Jirani yao mmoja alikuwa amepoteza kiwanja kwa vitu hivyohivyo viwili.

"Na wewe unapata nini?"

Filimbi alitazama viatu vyake. "Mimi sipati kitu."

Hakuomba nauli wala chai, na hilo ndilo lililomtia Mkunga wasiwasi zaidi. Mwizi mdogo huomba mapema. Mkubwa hujua kusubiri.

Alimwacha pale kizingitini, akaingia ndani. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Koplo, alikuwa amekaa karibu na redio, lakini redio ilikuwa imezimwa.

"Baba, kuna mtu..."

"Simjui."

"Hata hujamwona."

"Nimesema simjui. Mwambie nimesafiri."

Koplo alikuwa mtu wa kuita hata muuza maji asiyemjua aje akae kivulini. Sasa aliinuka, akaingia chumbani, na Mkunga akasikia komeo likisukumwa. Hakukumbuka kuwahi kulisikia komeo lile mchana.

Filimbi hakubishana. Alimwachia Mkunga namba ya simu na mahali ilipo ofisi ya kumbukumbu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Mkunga hakujua kama ni ya upole au ya kutisha, "Akikataa tena, mwambie nimeongea na tabibu."

Mkunga aliufikisha ujumbe huo akiwa nje ya mlango wa chumba. Komeo halikufunguliwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na Mkunga aliamua kuipima kwa miguu yake mwenyewe. Siku yake ya mapumziko alikwenda kwenye ofisi ile akiwa na hakika kwamba atakuta duka la simu au nyumba ya kulala wageni. Akakuta ofisi kweli, na askari mlangoni, na chumba chenye makabati ya chuma hadi darini. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye cheo cha kapteni, miwani ikining'inia kifuani.

Kapteni naye hakuonekana mtu wa kuamini ovyo. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mimi ni binti wa dereva wa lori la maji. Kuna mzee anaitwa Filimbi..."

"Amekuja hapa, ndiyo. Ametoa maelezo." Kapteni alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Mama, siku hizi nishani zinauzwa sokoni pamoja na betri za saa. Juzi alikuja mtu anadai nishani ya vita vilivyokwisha kabla hajazaliwa. Kwa hiyo usinilaumu nikiuliza. Baba yako anasema alipigana?"

"Aliendesha lori la maji. Ng'ambo ya mpaka."

Kapteni alifungua faili jembamba, akasoma kwanza mwenyewe, kisha kwa sauti. "Fundi dereva. Gereji ya kambi kuu. Muda wote wa vita." Akalifunga. "Kwa faili hili, baba yako hakuvuka mpaka. Akibisha, nitamwita pamoja na Filimbi."

Mkunga alitoka pale kichwa kizito. Alikuwa amelelewa kwa hadithi za mto ule, injini inakunywa maji, baba yake anaomba Mungu huku anakanyaga mafuta. Kinyozi wa mtaani alikuwa na utani wake wa miaka mingi, kwamba Koplo alipigana vita kwa spana, na Mkunga alikuwa amegombana naye kwa ajili hiyo hadi akahamia kwa msusi wa mbali. Sasa aliyasikia maneno ya kinyozi upya. Labda Filimbi si tapeli. Labda tapeli ni yule aliyejifungia chumbani.

Alimkuta baba yake anakata kucha uani. Hakuzunguka.

"Baba, ulivuka mpaka au hukuvuka?"

Mkasi ulisimama. "Nani kakuuliza?"

"Nimetoka ofisini. Wameandika ulikuwa gerejini."

"Gerejini?" Koplo aliinua uso, na kile Mkunga alichokiona hakikuwa woga wa mtu aliyefumaniwa. Kilikuwa hasira. "Hadi leo wameacha hivyohivyo?"

"Basi nieleze. Maana huyo Filimbi umesema humjui, na mimi nimekuona unadanganya."

Mzee alimalizia ukucha aliokuwa ameuanza. Halafu akaanza, macho yake kwenye kucha.

"Dereva wa kikosi kingine aliugua. Luteni wao akaja gerejini, akanionyesha kidole, akasema wewe, njoo. Hakuandika mtu. Nikavuka nao. Siku moja wenzetu walishambuliwa, tukashusha mapipa ya maji tukapakia majeruhi. Filimbi alikuwemo. Kaka yake alibaki, nafasi ilikwisha. Nikamwambia Filimbi, namleta kaka yako, narudi sasa hivi."

"Ukarudi?"

"Nilipowafikisha kwa tabibu, luteni akasema asirudi mtu, njia inapigwa. Na mimi nikafurahi, mwanangu. Sikufichi. Nikakaa kwenye usukani, miguu imegoma. Nimekaa pale, nimekaa. Ndipo nikawasha gari." Alifuta mkasi kwenye suruali. "Nilimkuta yu hai. Nikamleta. Akafa tumeshafika, mikononi mwa tabibu. Kama ningeondoka mapema, sijui."

"Na Filimbi?"

"Alikuwa ameshapelekwa hospitali. Vita vilipokwisha tulikutana kituo cha basi. Nikamsalimia. Akatema mate mbele yangu, akapanda basi. Nikajua kaambiwa nilivyokaa."

Mkunga alielewa basi kwa nini komeo lilisukumwa, na akaelewa, au akadhani ameelewa, Filimbi alikuwa anatafuta nini. Mtu aliyetema mate haji baadaye na nishani mkononi. Anataka kumkalisha mzee mbele ya afisa, aulizwe juu ya kaka yule, na aibu iandikwe rasmi.

"Tusiende," alisema.

"Twende," alisema Koplo. "Mambo ya kaka yake nitajibu. Lakini gerejini sikuwa."

Siku waliyoitwa, Filimbi alikuwa tayari kwenye benchi la korido, na koti lake lilelile. Alisimama. Koplo alipita kama hajamwona, na Mkunga akakaa katikati yao, mkoba magotini, kama ukuta.

Kapteni aliwaita mmoja mmoja. Koplo alipoingia na binti yake, afisa aliuliza kwa wepesi, kalamu mkononi, "Mzee wangu, mlipovuka mpaka, lile daraja lilikuwa la chuma au la mbao?"

Mkunga aliona mtego.

"Daraja gani?" alisema Koplo. "Lilikuwa limelipuliwa. Tulipita majini. Nilifunga gunia mbele ya rejeta kuzuia maji, lakini gari likazima hata hivyo, wakalisukuma."

"Walisukuma kina nani?"

"Filimbi na kaka yake, na wengine."

Kapteni aliandika bila kuinua uso. Kisha akasema Filimbi aitwe, akae naye. Filimbi alipoketi, Koplo akainua mkono kama yuko darasani.

"Kabla hujaendelea, Kapteni. Andika na hili. Nilichelewa kurudi. Nilikaa kwenye gari kwa woga. Huyu anajua, ndiyo maana kaja."

Filimbi alimgeukia. Mluzi wa meno yake ulitangulia maneno. "Ulichelewa kurudi wapi?"

"Kwa kaka yako."

"Mimi nilijua hukurudi kabisa." Filimbi alishika ukingo wa meza. "Hospitalini waliniambia kaka amefia kulekule porini, peke yake. Nimekuchukia mpaka nimezeeka. Mwaka huu nimekwenda msibani, nikamkuta tabibu wetu, bado yupo, haoni vizuri lakini akili anazo. Ananiambia, kaka yako nimemfumba macho mimi. Yule dereva wa kuazima alimleta, gari limetobolewa kama chujio. Na luteni aliomba apewe nishani. Ndipo nikaanza kukutafuta."

"Nilikaa kwenye gari," Koplo alirudia.

"Ulikaa, halafu ukaenda. Mimi niliambiwa hukwenda."

Mkunga alikuwa amejiandaa kwa kila aina ya uongo. Alimtazama Filimbi kwa makini, kama alivyotazama wanawake waliodai uchungu haujaanza, akitafuta hila. Hakuipata.

Kapteni aliweka kalamu chini. "Walionidanganya hapa huwa wanajisifu," alisema. "Sijawahi kupata wa kujishtaki. Lakini hilo si ushahidi. Nitamfuata huyo tabibu mwenyewe, na nitaomba kumbukumbu za luteni kutoka kikosi kile kingine. Rudini nyumbani."

Ilichukua muda mrefu, na Mkunga alishaanza kuamini kwamba faili limeliwa na mchwa. Hatimaye Kapteni alipiga simu. Tabibu alikuwa amethibitisha, na pendekezo la luteni lilikuwa limekaa miaka yote kwenye kumbukumbu za kikosi chake, halina faili la kwenda kwa sababu dereva hakuwa mtu wao. Nishani zote mbili ziliingizwa kwenye faili. Koplo alivalishwa ofisini humohumo, katikati ya makabati, makofi yakipigwa na watu wachache, Filimbi akiwa mmoja wao. Hakuzitazama sana. Alimwomba binti yake amsomee faili lililosahihishwa.

"Limeandikwa ulivuka, baba."

"Soma tena."

Akasoma tena.

Walipotoka, wazee wawili walikaa kwenye benchi la korido, safari hii bila mtu katikati. Filimbi alikohoa.

"Ndani ya lori, kaka alisema kitu?"

Koplo alifikiri. "Alilalamika. Anasema kuna mtu kavaa viatu vyake."

"Vilikuwa miguuni kwangu," alisema Filimbi. "Nilivichukua asubuhi ile bila kumwomba." Akacheka, mluzi ukipita kwenye pengo, akaendelea kucheka mpaka ikambidi ajifute macho. Koplo akamsubiri afute, kisha akaanza kumsimulia safari ile yote, kona kwa kona.